Usinunue moduli ya ABS kabla hujaziona namba za mwendo wa magurudumu yote manne

Mkuu, usinunue hiyo moduli, yaani kompyuta ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Simama hapo hapo, hata kama fundi ameshakupigia simu mara tatu.

Nimekusoma na moyo umeniuma, maana haya yalinipata mimi. Umebadilisha beringi ya mbele kulia, umetoka gereji siku ileile taa ya ABS na ya trakisheni (mfumo wa kuzuia magurudumu yasiteleze) zikawaka pamoja, na fundi ametazama dashibodi tu akasema moduli imekufa. Sasa unauliza uchukue mpya au ya mtumba, kama tairi zako mbili mpya zinahusika, na kama gari linaendesheka hivyo hivyo.

Fundi wangu naye alisema, "Hiyo moduli tu." Hakuchomeka mashine yoyote. Alinisikiliza, akapangusa mikono, akatoa hukumu. Kwanza aliniuzia sensa, kile kifaa kinachosoma mwendo wa gurudumu, taa zikabaki vilevile. Ndipo tukaingia kwenye moduli ya mtumba, kwa hela niliyoitunza kwa kazi nyingine kabisa. Kwenye gari langu moduli imeshikana na pampu yake, kwa hiyo mabomba yote ya breki yalifunguliwa, hewa ikaingia, na kuitoa ikahitaji mashine ya kuizungusha pampu. Tena moduli ilikuwa na taarifa za gari jingine, ikabidi alipwe mtu mwingine kuiandika upya. Wiki mbili gari limelala. Siku ya kulitoa sikufika mbali, taa zilezile mbili zikawaka. Niliegesha pembeni nikakaa kimya muda mrefu.

Fundi wa pili alilijua tatizo ndani ya dakika kumi. Alichomeka mashine ya kusoma kompyuta za gari, inayoingia hadi kwenye ABS (vile vidude rahisi mara nyingi vinaishia kwenye injini), akanipa niishike, yeye akaendesha polepole. Kwenye kioo cha mashine magurudumu matatu yalisoma mwendo wa 20. La mbele kulia lilisoma 0. Tukarudi, akaitoa beringi. Beringi nyingi za siku hizi zina mkanda wa sumaku kwenye sili ya upande mmoja, na sensa huhesabu sumaku hizo zikipita. Akachukua kibanio cha karatasi, akakigusisha upande uliokuwa unaitazama sensa: kikaanguka. Akaigeuza beringi, akagusisha upande wa pili: kikanata. Beringi ilikuwa imeshindiliwa kinyume. Sensa ilikuwa nzima, moduli yangu ya kwanza ilikuwa nzima, na sumaku ilikuwa imetazama upande usio na mtu wa kuisoma. Na beringi ikishatolewa kwa kushindiliwa hairudishwi, nikanunua nyingine.

Aliyeishindilia kinyume ni yuleyule aliyeniambia moduli imekufa. Hapo ndipo hasira yangu haijaisha hadi leo. Kukosea beringi ni kazi, mtu yeyote anaweza kukosea. Kumtuma mwenzako akanunue kifaa kikubwa bila kupima chochote ni kucheza na jasho la watu. Na asije mtu kuniuliza kwa nini sikuhoji: nilimwamini fundi kama ninyi nyote mnavyowaamini wenu.

Elewa kitu kimoja, mkuu. Trakisheni haina macho yake. Inalinganisha mwendo wa magurudumu manne. Moja likizunguka kuliko mengine inajua linateleza, inalibana kwa breki au inapunguza nguvu ya injini. Ikikosa taarifa ya gurudumu moja inajizima na kuwasha taa. Taa inakwambia imejizima, haikwambii kilichoharibika. Hata mashine ikikupa msimbo wa hitilafu kama C0040, ambao kwenye magari mengi ni mbele kulia, unataja njia nzima ya taarifa: sensa, waya, plagi, pete ya meno (ambayo kwenye magari mengine sensa huisoma badala ya sumaku) au hiyo beringi.

Kwa hiyo kabla ya hela kutoka mfukoni, ona namba nne kwa pamoja, gari likitembea. Moja ikikaa 0 muda wote na beringi imetoka kubadilishwa, anza na beringi. Ikisoma vizuri halafu ikafa kabla ya wenzake unapokaribia kusimama, tazama uchafu wa chuma kwenye ncha ya sensa au pete iliyopasuka. Ikipotea unapokata kona, fuata waya kuanzia kwenye gurudumu, uutingishe kwa mkono huku mwenzako anatazama kioo. Ikizidi wenzake kidogo muda wote ukienda moja kwa moja, hapo ndipo upime saizi ya tairi.

Mwambie fundi achomeke mashine mbele yako, na wewe ndiye uishike. Akikataa, ondoa gari. Ukishaziona hizo namba nne, ziandike hapa, usiku huu nipo.