Kabla hujapima tableti ya handova, omba kuona vikaratasi vya mfukoni

Nyie mlioanza juzi hii kazi ya kutathmini vifaa vya mkononi kwa ajili ya handova za manesi, yaani kukabidhiana wagonjwa zamu ikibadilika, najua mmeshapewa tableti, dodoso na wiki chache za majaribio, na mikono inawawasha kuanza kuhesabu dakika. Subirini kwanza. Mi nilianza hivyohivyo, nikapoteza karibu mwezi mzima nikipima kitu ambacho hakikuwa handova.

Ningeanza upya leo, wiki ya kwanza ningekaa tu wodini bila kifaa chochote, asubuhi, mchana, na hasa ile ya zamu ya usiku kuondoka maana pale watu wamechoka na ndo mambo yanadondoka. Kulikuwa na nesi mmoja mzoefu, kila zamu ikiisha anatoa mfukoni kikaratasi kimekunjwa mara nne, anasoma kutoka hapo wakati tableti yetu imelala kwenye troli. Nikamuuliza, dada hicho nini tena? Akanijibu, "Hiki ndo kinachoniokoa mdogo wangu, hiyo yenu naijaza nikishamaliza kazi." Aisee niliumia, kwenye ripoti yangu nilikuwa nimemuandika kama mtumiaji namba moja wa apu.

Nikamuomba anionyeshe. Namba za vitanda zimeshuka chini kwa mpangilio wa wodi, pembeni saa za dawa, vijisanduku vidogo vya kutiki, dripu ya nani inaisha lini, kipimo gani majibu hayajarudi, na kitanda cha 9 kina nyota, "binti anakuja saa 4 anataka kuonana na dokta". Apu yetu yenyewe iliwapanga wagonjwa kwa alfabeti! Na ilikuwa na nafasi kubwa ya kuandika ugonjwa, kitu ambacho tayari kipo kwenye faili. Kwa hiyo kikaratasi kile kilinifundisha kuliko dodoso zote nilizogawa. Ombeni kuviona, mkivinakili fichani majina ya wagonjwa, na ruhusa ya kamati ya maadili muwe nayo mapema, sio baadaye.

Sasa dakika. Kupima muda ni rahisi ndo maana kila mtu anakimbilia huko. Handova zetu zilipungua muda, tukafurahi, mkubwa wetu akaweka grafu kwenye mkutano. Baadaye ndo nikagundua nesi aliyetoka anapigiwa simu akiwa njiani kurudi nyumbani, "ile sindano ya kitanda cha 4 ulishampa au bado?" Yaani muda haukupungua, ulihamia kwenye simu. Toka siku hiyo nahesabu simu za kumrudia aliyeondoka, na nahesabu mara ngapi anayepokea anauliza swali ambalo jibu lake lilitakiwa liwe kwenye skrini.

Kipimo ninachokiamini zaidi kina usumbufu lakini kinasema ukweli. Kabla ya handova unapitia faili na muuguzi mwenzio ambaye hayupo zamu, mnaandika kwa kila mgonjwa mambo ambayo lazima yavuke: mzio, dawa inayofuata, majibu yanayosubiriwa, nani hali yake inabadilika. Handova ikiisha unamuomba aliyepokea akusimulie wagonjwa wake wawili watatu, kisha unalinganisha kimoja kimoja. Na ukikuta jambo la hatari limesahaulika humalizii kuandika data yako, unalisema hapohapo, utafiti baadaye. Kilichoingia kwenye tableti na kilichoingia kichwani kwa mtu ni vitu viwili, msichanganye.

Hapo mtaletewa SBAR na I-PASS, miongozo ya kupanga taarifa za mgonjwa unapomkabidhi kwa mwenzio, basi zijueni vizuri. SBAR, yaani hali ilivyo, historia, tathmini, pendekezo, ilitokea jeshi la majini la Marekani kwenye nyambizi halafu Kaiser Permanente, shirika la afya la hukohuko Marekani, wakaileta hospitalini. Inafanya kazi nzuri sana ukimpigia dokta kuhusu mgonjwa mmoja aliyebadilika ghafla. Apu yetu ililazimisha sehemu zote nne kwa kila mgonjwa, hata yule anayesubiri tu karatasi ya kuruhusiwa, watu wakawa wanaweka nukta ili ipite. Nukta tupu! Na I-PASS, utafiti wake wa 2014 kwenye hospitali 9 ulionyesha makosa ya kitabibu yalipungua kwa 23%, ila wale walikuwa madaktari walioko mafunzoni kwenye wodi za watoto, na kilichopimwa ni kifurushi kizima chenye mafunzo na ufuatiliaji, kwa hiyo usiichukue ile 23% ukaibandika kwenye tableti yako. Cha kuiba pale ni hatua ya mwisho, anayepokea anarudia kwa maneno yake alichoelewa. Apu nyingi nilizozishika zinamjali anayeandika tu, anayepokea hana hata pa kuweka swali.

Dodoso la SUS litawafikia, lile la John Brooke lenye maswali 10 la kupima kama kifaa ni rahisi kutumia. Alama zake zinafika 100 lakini sio asilimia, wastani unaotajwa sana ni kama 68, kwa hiyo 60 sio "tumefaulu". Maswali yanapishana, moja linasifu linalofuata linaponda, sasa mi niliwapa watu saa moja asubuhi wametoka usiku, nikarudishiwa karatasi zimezungushiwa 3 kuanzia juu mpaka chini kama ngazi. Mpe mtu dodoso akiwa ameshapata usingizi wa kutosha.

Mengine ya harakaharaka. Siku za kwanza watu wanafanya vizuri kwa sababu umesimama pale na kalamu, usizihesabu. Jaribu skrini ukiwa umevaa glavu, mkono mmoja umeshika dripu. Angalia inajifunga baada ya muda gani, yetu ilidai pasiwedi kila baada ya dakika mbili, wakaishia kuandika pasiwedi kwenye plasta nyuma ya kifaa. Uliza nani anaifuta kwa dawa na nani anaichaji, ukisikia "wote" jua hakuna.

Toleo la pili tulipanga kwa vitanda, tukaweka vijisanduku, na kwa shingo upande tukaongeza kitufe cha kuprinti orodha kwenye karatasi moja. Nilivyoangalia matumizi mwezi uliofuata, hicho ndo kilikuwa kinabonyezwa kuliko vyote.