Mandhari nyeusi na chaji ya simu
Kama mandhari nyeusi (dark mode) inaokoa chaji ya simu au la, inategemea aina ya kioo, mkuu. Kama ni OLED au AMOLED, nyeusi inaokoa chaji kweli: kila nukta inajiwashia mwanga wake, pakiwa peusi tii imezimika. LCD, ambazo ndizo simu nyingi za bei ya chini, taa ya nyuma inawaka muda wote, weka nyeusi weka nyeupe ni yale yale. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima OLED mwaka 2021: mwanga ukiwa asilimia 100, nyeusi iliokoa wastani wa asilimia 39 hadi 47 ya chaji ikilinganishwa na nyeupe; mwanga ukiwa asilimia 30 hadi 50, iliokoa asilimia 3 hadi 9 tu. Kwa hiyo faida utaiona nje, ukiongeza mwanga kwenye jua hili la Dodoma. Ndani punguza mwanga tu.