Mimi ni deiwaka wa fidla

Mjomba, nimeambiwa ile picha yangu nikiwa jukwaani na gauni jeusi imezunguka Ng'ambo nzima huko kwetu Unguja, na maelezo yake ni kwamba nimeajiriwa na okestra ya Ujerumani. Tangu hapo nimeombwa ada ya skuli, mabati ya nyumba ya shangazi, na mwaliko wa viza kwa mtoto wa dada anayetaka kunifuata na fidla yake. Basi nasema mara moja, wote msikie.

Sikuajiriwa. Kile kiti kina mwenyewe, na siku ile mwenyewe alikuwa na homa. Si mnawajua madeiwaka wa daladala kule Dar? Dereva akipumzika, deiwaka anashika usukani, jioni anapewa chake anashuka. Ndiyo mimi, ila nimevaa vizuri. Nyuma yangu klarineti ni za mpingo, mti unaovunwa Lindi na Kilwa. Huo umepata ajira ya kudumu.

Kiti hupatikana kwa usaili. Pazia linafungwa wasikuone, unaanza Mozart, na wanaweza kukukatisha hujafika mbali: asante. Ukivuka unatolewa jasho na ukurasa wa kwanza wa Don Juan ya Strauss, au skezo, ile sehemu ya mbio, ya simfoni ya pili ya Schumann. Ukishinda, mara nyingi kuna mwaka wa majaribio, kisha wenzako wanapiga kura kama ubaki. Na viti vinapungua: mwaka 1992 okestra zinazolipwa na umma Ujerumani zilikuwa 168, siku hizi ni kama 129. Lile pazia nalipenda. Raundi za mwisho huondolewa. Mengine jazeni wenyewe.

Sasa pesa. Desemba napata, maana makanisa yanataka Oratorio ya Krismasi ya Bach, na kabla ya Pasaka yanataka Mateso ya Yesu, ya Bach huyo huyo. (Ndiyo, mama, kanisani. Napiga, nalipwa, narudi nyumbani kuswali.) Baridi humo ndani inakaza vidole hadi huvihisi. Januari simu hailii. Kiangazi okestra zinakwenda likizo, nabaki na harusi mbili tatu na ile Kanoni ya Pachelbel ambayo sitaki tena kuisikia. Nanyi mnaniomba Januari na Agosti, sijui nani anawapa kalenda.

Tena kibali changu cha kukaa ni cha msanii anayejitegemea. Kila kikiisha, karani anataka kuona mikataba na akaunti. Nikiwatumia nyingi, akaunti inabaki tupu, na kwa karani huyo mimi ni mtu nisiyeweza kujilisha. Nikiwatumia kidogo, kwenu mimi ni niliyesahau nilikotoka. Fidla yenyewe ni ya mkopo; ya kazi ni maelfu mengi ya euro, na upinde una bei yake mbali. Mabati ya shangazi nitatoa baada ya Pasaka. Msimwambie nilisema "labda".

Wewe kijana, usije. Hapa utakutana na watu walioshika fidla wana miaka mitano, na mama zao walimu wa fidla.

Lakini ukija, njoo mapema, umri haukungoji. Vyuo vingi vya muziki vya serikali havina ada, ila Baden-Württemberg wanawatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Viza ya masomo inataka euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti iliyofungwa. Usimuulize mjomba, hana, na mimi sina. Jifunze Kijerumani huko huko. Na taarabu usiiache hata kidogo: mwalimu wangu alinifokea kwa sauti za Rasti na Bayati, zile ngazi za sauti za Kiarabu tunazopiga kwenye taarabu, akidhani nakosea, na leo kuna makundi yananiita kwa sababu hizo hizo.

Nitumie video ukipiga konseto ya tatu ya Mozart, mwanzo hadi mwisho, bila kukata na bila mwangwi wa bafuni. Ikifaa nitakutafutia mwalimu wa kukusikiliza. Isipofaa nitakwambia, na mama yako asinipigie simu.