Kimbunga Kimepiga Msumbiji, Nasi Tuko Mbali: Tusaidie Vipi?

Msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huanza Novemba na kuisha Aprili. Idai na Kenneth mwaka 2019, Freddy mwaka 2023, Chido Desemba 2024: kila kimoja kilipotua, barua zilizotufikia ziliuliza karibu mambo yaleyale. Safari hii tumechagua maswali sita. Tumerefusha pale ambapo kosa la msaidizi humuumiza zaidi anayesaidiwa.

Msikitini kwetu tumekusanya marobota manne ya nguo na katoni 40 za maji ya chupa. Tunatafuta lori la kwenda Beira. Tuanzie wapi? (Katibu wa kamati, Temeke)

Ndugu Katibu, tunakuombeni msipakie. Tunajua jibu hili linauma, maana mmetoa kwa moyo. Sikilizeni kwanza hali ya njia ilivyokuwa.

Idai ilipotua Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, mito ya Pungwe na Buzi ilivunja kingo, mashamba yakageuka ziwa, na barabara ya N6 inayotoka Beira kuelekea Zimbabwe ikakatika. Kwa siku kadhaa kilichobaki kilikuwa uwanja wa ndege, helikopta chache na boti. Njia ikiwa nyembamba hivyo, kila kilo inayoingia inaizuia kilo nyingine. Robota la mtumba lina kilo 45 hivi. Kifurushi cha makazi kinachotolewa na Msalaba Mwekundu, chenye maturubai mawili ya mita 4 kwa 6, kamba, misumari, nyundo, msumeno, panga na koleo, kina takriban kilo 25. Robota moja basi linakaribia kukalia nafasi ya familia mbili ambazo zingelala chini ya paa usiku huo.

Maji ya chupa ni hesabu mbaya zaidi. Kiwango cha chini kinachofuatwa kwenye maafa ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Familia ya watu watano inahitaji lita 75. Katoni ya chupa 12 za lita moja na nusu ina lita 18 tu, na mnailipia usafiri wa kilo 18. Kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67 husafisha lita 20 za maji maangavu kwa nusu saa. Maji yakiwa na tope huchujwa kwanza kwa kitambaa, kisha huwekwa vidonge viwili. Hata mkiamua kusafisha kila tone la lita zile 75, mwezi mzima unahitaji vidonge 113 tu, ambavyo mtu anavibeba kwenye mfuko wa plastiki.

Nguo zina tatizo jingine: lazima mtu azichambue. Baada ya tsunami ya 26 Desemba 2004, ile iliyoua watu hadi kwenye fukwe zetu, nguo zilizotolewa kusini mwa India zilirundikana kando ya barabara za Tamil Nadu, zikanyeshewa na kukanyagwa. Hakuna aliyekuwa na muda wa kutenganisha suruali za watoto na makoti.

Fungueni marobota hapohapo Temeke, mfanye mnada baada ya sala ya Ijumaa. Maji uzeni kwa bei ya jumla. Pesa ndiyo iende.

Bidhaa hupelekwa pale tu ambapo shirika lililoko kule limeziomba kwa jina na idadi. Hata hapo, kabla ya kukodi lori pateni majibu ya maandishi: nani atapokea mzigo, nani atalipa forodha na ghala, na vipimo gani vinatakiwa. Kila katoni iwe na kitu cha aina moja, isizidi kilo 25 ili mtu mmoja aweze kuinyanyua, na orodha ibandikwe nje kwa Kireno. Turubai huitwa *lona*, blanketi *cobertor*. Katoni isiyo na orodha hukaa ghalani hadi apatikane wa kuifungua.

Kuna namba ya simu imesambaa WhatsApp, mtu anachangisha kwa ajili ya mafuriko ya Malawi. Nitajuaje si tapeli? (Mama lishe, Morogoro)

Dada yetu, namba ya mtu binafsi usiitumie, hata kama ujumbe umeletwa na ndugu yako. Ndugu naye kaletewa.

Nenda kwenye ukurasa wa shirika lenyewe kwa kuandika anwani yake mwenyewe, usibonyeze kiungo ulichotumiwa. Kwa hapa nyumbani anza na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania. Kenya nao wana chama chao. Vyama hivi ni ndugu wa vyama vya Msumbiji na Malawi, ambavyo wajitoleaji wao wanaishi kwenye vijiji hivyohivyo na walikuwapo kabla ya kimbunga. Ukilipa kwa lipa namba au paybill, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri. Likiwa jina la mtu, au la kampuni usiyoijua, futa muamala. Picha nazo zichunguze: ya mafuriko ya mwaka 2019 hurudishwa mwaka mwingine ikiwa na maandishi mapya. Itafute kwa njia ya kutafuta picha mtandaoni, utaona ilipotokea mara ya kwanza.

Mkiwa kikundi, kusanyeni kwanza kisha mtume mara moja, maana miamala 40 midogo hukatwa makato mara 40. Daftari lishikwe na watu watatu, na jumla itangazwe kila jioni.

Jambo moja zaidi, nalo wengi hulikosea kwa nia njema: msiifunge pesa kwa kuandika "ya mablanketi tu". Beira, mwaka 2019, kipindupindu kilithibitishwa tarehe 27 Machi, siku 12 baada ya kimbunga Idai, na tarehe 3 Aprili kampeni ya chanjo ikaanza. Shilingi iliyofungiwa blanketi haikuweza kununua klorini. Andikeni "Kimbunga, Msumbiji" na muishie hapo.

Mimi ni muuguzi. Naweza kukusanya dawa na maziwa ya kopo ya watoto? (Muuguzi, Kisumu)

Maziwa ya kopo, hapana kabisa. Yanahitaji maji safi, moto wa kuchemshia na chupa iliyooshwa vizuri, na hivyo vitatu ndivyo vilivyopotea. Baada ya tetemeko la Yogyakarta, Indonesia, la Mei 2006, robo ya watoto wadogo waliopewa maziwa ya msaada waliharisha ndani ya wiki moja, wakati kwa wale ambao hawakupewa ilikuwa kama mmoja kati ya tisa. Mama anayenyonyesha apewe chakula, maji na faragha. Mtoto asiye na mama huhudumiwa na wataalamu waliopo, mmoja mmoja.

Dawa za kuokoteza majumbani pia usikusanye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe imebakiza walau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda inapofika, iwe kwenye orodha ya dawa za nchi husika, na maelezo yake yaandikwe kwa lugha ambayo wahudumu wa huko wanaielewa. Dawa isiyotimiza hayo inageuka taka, na kuteketeza taka za dawa ni gharama kwa hospitali ambayo imeezuliwa paa.

Damu je? Haitavushwa mpaka. Lakini changia hapo ulipo, kwani benki za damu za nyumbani nazo zina upungufu.

Sina pesa, ila nina kompyuta na intaneti ya chuo. Kuna ninachoweza kufanya? (Mwanafunzi, Dodoma)

Kipo, na tunatamani kila chuo kingekifanya: kuchora ramani. Vijiji vingi vya Msumbiji na Malawi havina nyumba zake kwenye ramani, na timu ya uokoaji haiwezi kukadiria maturubai ya kijiji isichokiona. Tetemeko la Haiti la 12 Januari 2010 lilipotokea, wajitoleaji walioko mbali walichora mitaa ya Port-au-Prince ndani ya siku chache kwa kutazama picha za satelaiti. Dar es Salaam tunayo Ramani Huria, mradi uliochora kata zinazokumbwa na mafuriko kwa mikono ya wanafunzi na wakazi.

Fungua akaunti ya OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora, kisha itumie hiyohiyo kuingia kwenye tovuti ya kugawa kazi ya Humanitarian OpenStreetMap Team. Chagua mradi wa wanaoanza. Soma maelekezo yote, kwa sababu mradi mmoja unataka nyumba tu, mwingine barabara, na kila mmoja unataja picha ya kutumia. Chukua mraba mmoja. Mraba huo utafungwa kwa jina lako kwa saa mbili, ili mwingine asichore juu yako. Tumia kipanya, simu haifai kwa kazi hii.

Kwa nyumba, bonyeza 3 kwenye kibodi, weka nukta kwenye kila pembe, maliza kwa kubonyeza mara mbili, chagua aina kuwa jengo, halafu bonyeza Q ili pembe zinyooke. Nyumba ya msonge ichore kwa nukta chache kisha bonyeza O, itakuwa duara. Kwa barabara, bonyeza 2 na ufuate katikati yake. Hifadhi kila baada ya nyumba 20 hivi. Hivyo umeme ukikatika hutapoteza kazi ya mchana mzima.

Makosa yanayojirudia ni haya. Mtu huchora kivuli pamoja na nyumba, ikaonekana kubwa. Huunganisha nyumba tatu zilizo karibu kuwa moja, na kaya mbili zikakosa kuhesabiwa. Picha iliyopigwa kwa mshazari huonyesha paa pembeni ya msingi, naye akachora paa. Umbo linatakiwa lisogezwe hadi kwenye msingi. Kosa kubwa kuliko yote ni barabara mbili zinazogusana kwa macho lakini hazina nukta ya pamoja: programu ya kuongoza magari itaamini hakuna makutano pale, na lori litazungushwa njia ndefu. Sogeza karibu kabisa na uhakikishe nukta imeshikana.

Ukiona picha inaonyesha nyumba zikiwa nzima, usishangae. Mara nyingi ni ya kabla ya kimbunga, na ndiyo inayotakiwa, kwa kuwa inaonyesha watu walikuwa wakiishi wapi. Mraba ukiwa haujaisha, sema haujaisha. Kuna mkaguzi atakayepita baada yako, na jibu la kweli linamwokolea muda.

Mdogo wangu anafanya kazi Pemba ya Msumbiji, simu yake haipatikani tangu kimbunga. Nifanye nini? (Kaka mtu, Tandahimba)

Pole sana, ndugu yetu. Kwanza jua kwamba minara huanguka na betri huisha. Ukimya wa siku tatu au nne katika Cabo Delgado, mkoa ilipo Pemba hiyo, si habari ya msiba. Tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga, kwani ujumbe hupenya mtandao ukiwa dhaifu na humsubiri hadi awashe simu. Andika swali moja linalojibika kwa neno moja: "U mzima?" Watu kumi wa ukoo wasipige kwa pamoja, chagueni mmoja.

Wakati unasubiri, andaa karatasi yenye majina yake yote kama yalivyo kwenye pasipoti, majina ya baba na mama, mwaka na mahali alipozaliwa, mtaa na kazi yake kule, jina la mwajiri, na siku mliyoongea mara ya mwisho. Majina ya wazazi ni muhimu sana, kwa sababu wengi upande ule wana majina yanayofanana, na tahajia ya Kireno hubadilisha herufi. Karatasi hiyo ipeleke ofisi ya Msalaba Mwekundu iliyo karibu nawe na uombe huduma ya kutafuta ndugu waliopoteana. Haitozwi chochote, anayekudai ada si wao. Nakala nyingine mpelekee Ubalozi wa Tanzania, Maputo. Namba ya pasipoti usiibandike Facebook.

Tuko Muscat. Tumechelewa, kimbunga kilipita miezi mitano iliyopita na ndiyo kwanza tunapanga kuchanga. Bado kuna maana? (Kikundi cha akina mama)

Akina mama, ipo maana kubwa. Kwanza hakikisheni mnafuata sheria: Oman hairuhusu kuchangisha umma bila kibali cha Wizara ya Maendeleo ya Jamii, kwa hiyo pitieni taasisi yenye kibali badala ya kuzungusha bahasha.

Sasa kuhusu wakati. Idai na Freddy vyote vilipiga mwezi Machi, mahindi yakikaribia kukomaa. Idai peke yake iliharibu zaidi ya hekta 700,000 za mazao Msumbiji. Mgao wa kawaida wa msaada ni gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, maharage gramu 60, mafuta gramu 25, na nyongeza ya unga wa lishe, sukari na chumvi. Familia ya watu watano hula hivyo kilo 60 za nafaka kwa mwezi. Tangu Machi hadi mavuno ya Aprili inayofuata ni kama kilo 720, na kamera za televisheni huondoka kabla ya kilo 60 za kwanza kuisha.

Kupanda huanza mvua za Novemba. Ekari moja ya mahindi hutaka kama kilo 10 za mbegu, na familia iliyokula mbegu yake mwezi wa Mei haina cha kupanda. Msinunue mbegu nje: lazima iwe na cheti cha afya ya mimea, na inaweza isifae udongo wala urefu wa mvua za kule. Andikieni shirika mlilolichagua, ulizeni kama lina programu ya mbegu au vocha za mbegu, ambazo mkulima huzipeleka duka la pembejeo la wilayani kwake na kuchagua mwenyewe. Ulizeni pia mwisho wao wa kuagiza. Mbegu hupitia zabuni, ghala na barabara ambazo bado zina madaraja yaliyovunjika, kwa hiyo pesa iwafikie kabla Septemba haijaisha.