Urukususu umetuliza tumbo ila miguu inajaa, na mimi nina presha: niendelee?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mi ni mama wa miaka 48 niko Tanga. Miezi miwili sasa tumbo linaniwaka hapa kwenye chembe cha moyo, nikilala kiungulia kinapanda mpaka kooni. Wifi yangu anayeishi Muscat kaniletea kopo la unga wa urukususu, ule mzizi mtamu, kasema niweke kijiko kikubwa kwenye kikombe cha maji moto asubuhi na jioni. Leo siku ya 12, tumbo kweli limetulia kidogo ila jioni miguu inajaa na kichwa kinanigonga. Natumia dawa za presha, amlodipini na HCT, na diklofenaki ya goti likinishika. Je nipunguze dozi ya urukususu au nihamie vile vidonge vya urukususu vinavyoitwa DGL? Na hii kitu inafanyaje kazi hasa?

JIBU: Salama dada yangu, ila mi ni mfamasia siyo daktari, mmenizoesha tu hilo jina. Usipunguze dozi, acha kabisa leo hii. Dawa za presha endelea nazo kama ulivyoandikiwa, usije ukaacha zote kwa pamoja.

Kwanza niseme wifi yako hajakudanganya. Huu mzizi, ambao madukani kwa Wahindi utausikia ukiitwa mulethi na Waarabu wanaita irk sus, kwenye tumbo unafanya kitu kweli. Miaka ya 1940 kule Uholanzi daktari anaitwa Revers aliona wagonjwa wa vidonda vya tumbo wanapata nafuu kwa dawa ya urukususu waliyokuwa wanachukua famasi, akaanza kuwapa wagonjwa wake, na kweli watu walipona, lakini karibu mmoja kati ya watano alianza kuvimba. Kuvimba kama kwako. Baadaye Waingereza wakatengeneza dawa ya vidonda kutoka humohumo kwenye urukususu, kabenoksoloni, ikatumika miaka ya 1960, nayo ikaja na shida ileile ya presha na kuvimba mpaka dawa za kupunguza asidi zilipoingia sokoni watu wakaachana nayo.

Inavyofanya kazi sasa. Kile kinacholeta ule utamu kinaitwa glisirizini, na tumboni inaaminika inasaidia ule ute unaofunika ukuta wa tumbo ukae muda mrefu, asidi isiguse nyama. Hapo ndo unapata nafuu. Tatizo haiishii tumboni, inaingia kwenye damu. Mwilini tuna homoni ya kortisoli ambayo ikifika kwenye figo ina uwezo wa kutoa amri ileile inayotolewa na homoni nyingine, aldosteroni, yaani shika chumvi mwaga potasiamu. Kawaida haifanyi hivyo kwasababu pale kwenye figo kuna kimeng'enya kama mlinzi getini, kila kortisoli inayopita anaizima. Glisirizini inamlaza yule mlinzi. Basi chumvi inabaki mwilini, maji yanaifuata chumvi, presha inapanda, miguu inajaa, na potasiamu inaondoka kwenye mkojo.

Tupige hesabu ya kikombe chako. Kijiko kikubwa cha unga ni kama gramu 6, mzizi wa dawa unatakiwa uwe na glisirizini angalau asilimia 4, kwahiyo ni miligramu 240, mara mbili kwa siku 480. Wataalamu wa Umoja wa Ulaya walisema mtu asizidishe miligramu 100 kwa siku, na hata hiyo 100 Wasweden waliijaribu kwa vijana 28 wazima, matokeo yakatoka 2024, wiki mbili tu ile namba ya juu ya presha ilipanda kama pointi 3. Hao ni wazima bana, wewe una presha tayari na unakunywa karibu mara tano yake.

Halafu kuna HCT. Hiyo ni dawa ya kukojoza na yenyewe pia inamwaga potasiamu, kwahiyo una mabomba mawili yanatoa maji kwenye tenki moja. Potasiamu ikishuka sana misuli inakaza au inalegea na moyo unadunda ovyo. Ukisikia moyo unaruka au miguu inakosa nguvu usisubiri, nenda hospitali usiku huohuo. Hata bila dalili hizo nenda wiki hii upimwe presha na potasiamu, na rudia kupima presha wiki zinazofuata kwani ukiacha urukususu yule mlinzi anaweza kuchukua mpaka wiki mbili kuamka vizuri. Amlodipini nayo huwa inajaza miguu, ila kama kujaa kumeanza baada ya lile kopo kufika mi namshuku kopo.

Sasa dada, kilichonishtua zaidi ni hiyo diklofenaki umeitaja kama kitu cha kupita tu. Tumbo limeanza miezi miwili, je goti lilianza lini? Diklofenaki inazuia mwili kutengeneza ule ute tuliousema, na kula kwanza hakukukingi sana maana madhara mengi yanapitia kwenye damu, hata ukichomwa sindano ni yaleyale. Na inapandisha presha pia! Kwahiyo unabomoa ukuta kwa mkono mmoja, unapaka chokaa kwa mwingine. Goti tumia Panadol kwa sasa, au jeli ya kupaka, na umwambie daktari.

Omba pia kipimo cha bakteria wa tumbo, H. pylori, cha choo kinatosha. Kama umekunywa omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, zipite wiki mbili ndo upime la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Ukikutwa nao, antibayotiki ndo dawa, urukususu hauwaondoi. Na choo kikiwa cheusi kama lami au ukitapika damu, hiyo ni dharura.

DGL ni urukususu uliotolewa glisirizini karibu yote, unatafunwa kabla ya kula, kwa presha una usalama zaidi ila ushahidi wake kwa vidonda ni wa kusuasua, na kwako haraka haipo mpaka tujue tumbo linawaka kwa nini.

Kopo mfichie na mjamzito yeyote hapo nyumbani. Wifi usimwambie kakupa sumu, mwambie tu una presha, na muulize yeye mwenyewe mara ya mwisho kapima lini.