Usiguse kasi ya karatasi: jibu kwa anayepima msuli wa chura

Futa mpango wako wa kubana mhimili wa muda kabla hujamchinja chura. Umeuliza utumie mishtuko mingapi ya umeme kwa sekunde, maji ya chumvi yawe na joto gani, na kama ni sahihi kuubana mhimili wa muda kwenye skrini pindi mishtuko inapokuwa mingi. Hilo la tatu ndilo lililonipeleka kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio.

Maabara yetu ilitumia kaimografu, lile pipa la karatasi yenye masizi linalozunguka huku sindano ikichora mwendo wa msuli, alilolibuni mwanafiziolojia Mjerumani Carl Ludwig mwaka 1847, na kwa hali yake ningeamini ni ileile. Neva ya msuli wa shavu la mguu niliishtua mara moja kwa sekunde, karatasi ikienda milimita 100 kwa sekunde. Nilipofika mishtuko 20 niliishusha kasi ya karatasi hadi milimita 10, kwa sababu desa, yaani daftari la maelezo, nililorithi kwa waliotutangulia liliagiza hivyo "ili kuokoa karatasi". Msuli uliotumia sekunde 0.04 kusinyaa ulichora milimita 4 kwanza, kisha 0.4. Mchoro ukasimama kama ukuta, nami nikaandika kwa fahari, na kupigia mstari, kwamba kuongeza mishtuko kumeuharakisha msuli mara kumi. Mkufunzi aliuliza swali moja tu: "Ni msuli ulioharakishwa, au ni karatasi iliyocheleweshwa?" Aliyeandika desa hilo aliokoa karatasi kweli, akapoteza mwaka wangu.

Kinachoongezeka hasa ni nguvu. Msinyao mmoja wa msuli wa chura, kusinyaa hadi kulegea, huchukua takriban sekunde 0.1 katika joto la kawaida la chumba. Kwa hiyo ukizidisha mishtuko 10 kwa sekunde, mshtuko unaofuata huukuta msuli haujalegea na kalsiamu, inayouamrisha usinyae, haijarudishwa yote ghalani mwake ndani ya seli, na mivuto hujumlishana mpaka mchoro unakuwa juu na laini bila mitetemo. Hali hiyo huitwa tetanasi, na tafadhali usiandike pepopunda, ambao ni ugonjwa wenye jina hilohilo, kwenye ripoti, maana kuna mtu aliwahi kuandika, na simtaji kwa kuwa namfahamu mno. Nguvu yenyewe inaweza kupanda upesi zaidi kidogo, lakini kasi ya msuli kufupika hutegemea sana mzigo unaouvuta: mwanafiziolojia Mwingereza A. V. Hill alionyesha mwaka 1938, kwa misuli ya chura, kwamba mzigo ukiongezeka, kasi hupungua. Kimo cha mchoro wako si kasi, na mwinuko wake hauna maana yoyote iwapo mhimili wa muda umebadilika katikati ya kazi.

Basi chagua kipimo kimoja cha muda, kiandike kwa kalamu kando ya mchoro wa kwanza, na usikiguse mpaka wa mwisho, hata mawimbi yakibanana kama abiria wa daladala. Mwenye desa sasa ni daktari. Simtakii mabaya, ila nikilazwa wodini kwake nitaomba kwanza anionyeshe karatasi ya moyo wangu ilikwenda milimita ngapi kwa sekunde.