Nikistaafu mapema, nitenge kiasi gani kwa ajili ya bima?

Swali: Nina miaka 53. Mwisho wa mwaka huu naacha kazi kwa hiari, ila pensheni haitaanza kuingia mpaka nifikishe 60. Kazini tuna bima ya afya ya kikundi. Mwajiri analipa sehemu kubwa, mimi nakatwa kidogo tu, na mke wangu yumo. Yeye ana presha na anameza dawa kila siku. Mtoto wetu wa mwisho amebakiza miaka 3 chuoni. Nimeulizia bei ya bima ya afya ya binafsi, nikaizidisha mara 7, nikaiingiza kwenye bajeti. Sasa wakala mmoja ananiambia nitakuwa namwaga pesa. Ana mkataba mmoja wenye kila kitu: kifo, ulemavu na kulazwa hospitali, na nikifika 65 bila kudai chochote narudishiwa vyote nilivyolipa. Ameniambia pia kwenye fomu tusiitaje presha ya mke wangu. Je, nitenge kiasi gani? Na huyu bwana nimsikilize?

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na hiyo "mara 7", maana naikuta karibu kila mara mtu anaponiletea bajeti ya kustaafu mapema. Bei uliyotajiwa ni ya mtu wa miaka 53, kwa mwaka mmoja. Hakuna aliyekuahidi kwamba ukiwa na 57 utalipa hiyo hiyo.

Bei ya bima ya afya inasukumwa na vitu viwili kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni umri wako. Mwaka 1825 mwanahisabati Mwingereza Benjamin Gompertz alionyesha kuwa hatari ya mtu mzima kufariki haipandi kwa kiwango kile kile kila mwaka, bali hujizidisha. Kwa makadirio yanayotumika hadi leo, hujirudia maradufu takribani kila miaka 8. Gharama za matibabu hazifuati mstari huo huo, lakini nazo hupanda na umri, na kampuni nyingi hupanga bei kwa makundi ya miaka 5. Wewe umepewa bei ya kundi la 50 hadi 54. Utaifaidi miaka 2 tu, kisha unaingia kundi la 55 hadi 59. Cha pili ni kupanda kwa gharama za matibabu zenyewe, yaani dawa, vipimo na vitanda vya hospitali, ambazo katika nchi nyingi hupanda kwa kasi kuliko bei za bidhaa nyingine.

Tuweke tarakimu ili uone. Chukulia mwaka wa kwanza unalipa 100. Kwa hesabu yako, miaka 7 ni 700. Sasa tuseme bei inapanda asilimia 10 kila mwaka, na ukiingia kundi la 55 inaruka asilimia 25 nyingine kwa mara moja. Mwaka wa kwanza 100, wa pili 110, wa tatu 151, na ukifika wa saba unalipa 221. Jumla ya miaka yote 7 ni kama 1,133. Asilimia hizo nimezichagua mimi kwa mfano, kwa hiyo omba kampuni yako jedwali la bei za makundi yote ya umri pamoja na ongezeko walilofanya miaka 5 iliyopita, kisha urudie hesabu kwa tarakimu zao. Wakikataa kukupa jedwali, umeshajifunza jambo kuhusu kampuni hiyo. Na ukifika 60, pensheni ikianza, bima haiishi. Unaingia kundi jingine la bei, kwa hiyo mwaka wa mwisho wa bajeti yako ndio mwanzo wa mlima mwingine.

Juu ya ada kuna mambo ambayo bajeti nyingi huyasahau. Mikataba mingi inakutaka uchangie sehemu ya kila bili, au ubebe mwenyewe kiasi fulani cha kwanza kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa. Tafuta kwenye mkataba ukomo wa hicho unachobeba mwenyewe, kisha kiweke pembeni kikiwa taslimu, mahali ambapo unaweza kukifikia siku hiyo hiyo. Mimi hupendekeza cha miaka 2, kwa sababu ugonjwa mkubwa unaoanza mwezi wa mwisho wa mkataba huvuka na kuingia mwaka unaofuata, na hesabu ya kuchangia huanza upya. Ukiwa na akiba hiyo unaweza hata kuchagua mkataba wenye mchango mkubwa wa mwanachama na ada ndogo. Usipokuwa nayo, usithubutu. Meno na miwani angalia kama vimo. Mara nyingi havimo.

Sasa mke wako. Ndani ya bima ya kikundi presha yake haikumsumbua mtu, kwa kuwa wanachama wengi walipokelewa kwa pamoja, vijana na wazee, wazima na wagonjwa, na hatari ikagawanywa kwa wote. Akitoka humo atatazamwa peke yake. Kampuni inaweza kumpandishia ada, kuitoa presha na madhara yake nje ya mkataba, au kumwekea kipindi cha kusubiri kabla haijalipia chochote kinachohusiana nayo. Kwa hiyo, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, mwulize mwajiri kwa maandishi: mkataba wa kikundi unaturuhusu kuendelea kama wanachama binafsi bila kupimwa upya? Ikiwa haki hiyo ipo, muda wa kuitumia huwa mfupi, na ukipita umepita. Ikiwa haipo, omba bima binafsi sasa, ukiwa bado kazini, ili kipindi cha kusubiri kikimbie wakati bima ya kikundi bado inawalinda. Utalipa bima mbili kwa miezi kadhaa. Lipa. Hiyo ni gharama halali ya kustaafu mapema, na iingie kwenye bajeti kwa jina lake.

Na yule anayewaambia msiitaje presha, mkimbieni. Sisemi hivi kwa hasira tu, ingawa hasira ninayo. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm, jaji wa Uingereza Lord Mansfield alieleza kwa nini anayeomba bima anapaswa kusema anayoyajua: mtoa bima anakadiria hatari kwa kutegemea maelezo ya mwombaji. Sheria za nchi mbalimbali zimepunguza au kurekebisha wajibu huo tangu hapo, lakini mtu anayejibu swali la moja kwa moja kwa uongo, akijua, huwa hana pa kujificha. Kampuni haitachunguza siku unaposaini. Itachunguza siku utakapodai. Itaomba faili la hospitali, itakuta dawa za presha za miaka, na mkataba utafutwa wakati mkeo yuko kitandani. Wakala wakati huo kamisheni yake alishaila zamani, na sahihi iliyo kwenye fomu si yake, ni yenu.

Bima ya kufidia mshahara kwa sababu ya ulemavu sitakaa nayo sana. Kazi yake ni kuziba pengo la mshahara, na wewe mshahara hutakuwa nao. Simamisha ada hiyo siku ajira inapokoma. Bima ya maisha ipime kwa swali moja tu: nikifa, nani atakosa kula au kusoma? Mtoto wako amebakiza miaka 3, basi bima ya muda maalumu ya miaka 3 au 4 inatosha kwake. Kwa mkeo, ulizia kwenye mfuko wa pensheni atapata nini ukifa kabla ya 60 na baada ya 60, kisha ukatie bima pengo litakalobaki. Nyumba ikatie bima kwa gharama ya kuijenga upya leo. Ukiikatia kwa asilimia 60 ya thamani yake, kampuni nyingi zitalipa asilimia 60 ya hasara yoyote, hata kama ni jiko peke yake lililoungua.

Tumefika kwenye "utarudishiwa vyote". Hapa ndipo watu wenye akili timamu, waliosimamia fedha za ofisi nzima, wanaponipa mkataba niusome wakati wameshausaini.

Msingi wa uuzaji huu ni wazo kwamba ada ya bima isiyodaiwa imepotea. Haijapotea. Ulinunua ahadi kwamba hasara ikija atabeba mwingine, na kwa mwaka mzima ahadi hiyo ilikuwapo. Hakuna anayemdai mlinzi wa usiku arudishe mishahara kwa sababu wezi hawakuja. Lakini wazo hilo likishaingia kichwani, mtu yuko tayari kulipa mara tatu ya bei ya kinga ili tu asikie neno "utarudishiwa".

Fanya hesabu mwenyewe. Tuseme mkataba huo unakutoza 100 kwa mwaka kwa miaka 12, kuanzia 53 hadi 65, na ukifika 65 unarudishiwa 1,200. Ikiwa bei za vitu zinapanda asilimia 6 kwa mwaka, hiyo 1,200 itanunua kitu ambacho leo kinanunuliwa kwa 596. Nusu imeshaliwa na muda. Tuseme tena kwamba kinga ile ile, bila ahadi ya kurudisha, ungeipata kwa 30. Ungebaki na 70 kila mwaka. Uiweke mwanzoni mwa kila mwaka mahali panapolipa asilimia 6, na baada ya miaka 12 una takribani 1,252. Umepata zaidi ya ulichoahidiwa, na kila siku ya miaka hiyo pesa ilikuwa yako, ungeweza kuichukua mtoto akikwama ada au paa likivuja. "Zawadi" ya kurudishiwa inatokana na mavuno ya pesa yako mwenyewe, ambayo kampuni imeyatumia.

Na huo ni upande mzuri, wa mtu aliyelipa hadi mwisho. Mwulize wakala: nikishindwa kulipa mwaka wa nne, napewa nini? Mikataba ya aina hii hubeba kamisheni na gharama za uendeshaji miaka ya mwanzo, kwa hiyo anayeivunja mapema hupata kidogo sana au hapati kitu. Sasa fikiria ni kipindi gani cha maisha yako ambacho fedha inaweza kukatika: ni hii miaka 7 kabla ya pensheni. Wanakuuzia mkataba usiosamehe kukwama, kwenye miaka ambayo kukwama ni rahisi zaidi.

Hicho "kulazwa hospitali" nacho kisome vizuri. Mara nyingi si bima ya matibabu kabisa. Ni kiasi maalumu kwa kila siku unayolala wodini, au mkupuo mmoja ukipatwa na ugonjwa ulio kwenye orodha yao, kwa tafsiri yao. Bili ya upasuaji, vipimo na dawa za kila mwezi za mkeo havimo. Mtu anaacha bima ya afya kamili akidhani amehamia kwenye bora zaidi, kumbe amebaki wazi.

Hili si lako peke yako. Taarifa kwamba mtu anakaribia kupata mafao ya mkupuo husambaa haraka, na wanaomfuata wiki hizo huja na kadi zenye neno "mshauri". Wengi hulipwa kwa kamisheni ya mauzo, na mkataba mpya ndio unaolipa. Ndiyo maana ushauri wao huwa haumalizikii kwenye "baki na ulichonacho". Kama una bima ya maisha uliyoianza ukiwa na miaka 30, ujue ina thamani ambayo huwezi kuinunua tena. Tangu kampuni ya bima ya maisha ya Equitable ilipoanzishwa London mwaka 1762, bima ya maisha ya muda mrefu imejengwa juu ya ada isiyobadilika: ujanani unalipa zaidi ya hatari yako, ukizeeka unalipa pungufu. Anayekuambia uivunje ili uanze nyingine kwa umri wa 53 anakutaka uache upande wa faida baada ya kumaliza kulipia upande wa hasara.

Yeyote atakayekujia, wakala wako huyu akiwa wa kwanza, mtake akuandikie mambo manne kwenye karatasi yenye jina lake: ada ya kila mwaka hadi 65, kiasi utakachopewa ukivunja mkataba mwaka wa 1, wa 3, wa 5 na wa 8, magonjwa yasiyolipiwa, na kamisheni atakayopata yeye. Mpe wiki moja. Bima ya zamani usiiguse mpaka mpya iwe mkononi mwako, imesainiwa na kampuni, na vipindi vya kusubiri vimekwisha kwako na kwa mkeo. Kama ulishasaini kitu wiki hizi, fungua ukurasa unaoeleza siku za kughairi bila adhabu, uhesabu zimebaki ngapi, na ukiamua kughairi peleka barua mwenyewe kwenye ofisi ya kampuni, si kwa wakala, na urudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.